Filta ya Benzi na Pua ya Muhamood

Nianze na ukweli: mimi na ile Benzi hatujawahi kupendana. Miaka kumi na tisa imelala chini ya bati jipya, na jiko langu linavuja. Mvua ikianza, mume wangu Muhamood anatoka mbio kuangalia kama maji yanaifikia, nguo zangu kwenye kamba hata hazioni. Wanawake wa soko la Bwera wananitania, "Aidah, mke mwenzako hajambo?" Nawajibu hajambo sana, anakunywa kuliko mimi.

Muhamood aliendesha malori ya chumvi kutoka Katwe kwenda Beni na Butembo mpaka magoti yakamkatalia. Hiyo Benzi ya mwaka themanini na tisa aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa huko Butembo, na tangu siku ile hakuna fundi aliyeigusa. Kila kitu anakifanya mwenyewe, uani. Ukimwambia apeleke kwa fundi anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake.

Lakini kilichompa jina hapa mpakani si gari, ni pua. Petroli ikiadimika, watu wananunua ya jerikeni pale Mpondwe, na kwenye jerikeni huwezi kujua umeuziwa nini. Basi vijana wa bodaboda wanamletea Muhamood kwanza. Anafungua kifuniko, anafumba jicho moja, ananusa mara moja tu. "Hii imetiwa mafuta ya taa. Rudisha." Na wanarudisha. Sijamwona muuzaji aliyebishana na ile pua.

Sasa, wiki mbili nyuma tulikuwa tunatoka Kasese na mtoto wetu wa kwanza, Shafic, ambaye ana duka la vigae huko. Kwenye mlima wa Kisinga gari ikaanza kukohoa. Ikazima. Ikawaka, ikazima tena. Mara tatu! Nyuma yetu lori la ndizi linapiga honi, na Shafic na shati lake jeupe anasukuma. Alipofika nyumbani hakukaa hata chini.

"Baba, una miaka sabini na moja. Gari imechoka, na wewe umechoka. Kuna mtu Kasese anaitwa Hardy, ananunua za zamani anazikata vipuri. Jumapili ya wiki ijayo nakuja naye."

"Ni filta ya mafuta tu," Muhamood akasema. "Nitaibadilisha mwenyewe hapa. Ikipanda ule mlima bila kukohoa, usinitajie tena habari ya kuuza. Ikikohoa, nitampa huyo Hardy funguo kwa mkono wangu."

Haki ya Mungu, nilikuwa upande wa Shafic, na pale mlimani nilishamnong'oneza kwamba iuzwe. Nilishaanza kupanga mahali pa kuweka matenga yangu ya nyanya chini ya lile bati. Halafu nikamwona mzee anakunywa chai bila kuinua macho kwenye kikombe, nikajua haongelei gari. Anaongelea kama yeye bado ni mtu wa kuulizwa kitu katika nyumba hii. Nikamwongezea chai.

Filta ilitoka Kampala, ikafika Ijumaa. Jumamosi asubuhi akaanza. Kwenye Benzi ile filta haikai mbele chini ya boneti, iko chini kule nyuma, karibu na tairi la kulia, imejificha na pampu yake nyuma ya kifuniko. Akachomoa waya wa betri. Akaweka mawe kwenye matairi, akapiga jeki, akaingiza magogo mawili ya mkaratusi, akajilaza chini huku magoti yakilia. Mimi nikapewa kigoda, sinia la spana na kazi ya kutukanwa.

"Nipe kumi na saba."

"Hii?"

"Hiyo ni kumi na nne, Mama Shafic. Wewe uza nyanya tu."

"Nyanya ndizo zimelisha hii gari yako, usisahau."

Akacheka kule chini. Ilikuwa asubuhi nzuri, sitaki kusema uongo. Akafungua, akakinga kwa beseni langu jeupe, akatoka na ile filta ya zamani akaimimina. Wee! Maji yalijitenga chini, na juu yake uchafu mweusi kama majani ya chai yaliyobaki kwenye birika. Akalizungusha lile beseni, akalizungusha tena.

"Maji," nikasema.

"Naona."

"Wewe umenunua petroli yenye maji? Wewe, Muhamood?"

"Nyamaza, nipe filta mpya."

Siyo kawaida yake kunijibu hivyo. Nikamkata jicho, lakini nikampa.

Akahakikisha mshale wa filta unaelekea mbele, kwenye injini, akaangalia mara mbili. Kila bolti ina washa mbili za shaba, za kuzuia mafuta yasivuje. Moja ikamponyoka, ikaingia vumbini. Akapapasa, hakuiona, akarudisha ile ya zamani. "Itashika," akasema. Akatoka, akarudisha waya wa betri, akaingia ndani ya gari, akazungusha funguo kidogo ili pampu isukume mafuta kwanza.

Harufu ikanipiga mpaka machoni. Na jiko langu la makaa lilikuwa pale mlangoni, nimebandika maharage.

"Baba Shafic, acha! Kunanuka petroli."

"Ni ya beseni hiyo."

"Beseni nimeshalimwaga kule nyuma ya migomba!"

"Mimi sisikii kitu," akasema, na mkono wake ukarudi kwenye funguo.

Nikainama. Tone, tone, tone, na vumbi limeshalowa pana kama sinia. "Toka!" nikapiga kelele. "Toka humo, Muhamood!" Nikashika jiko kwa leso, na sufuria yake juu, nikakimbia nalo mpaka barabarani. Nusu ya maharage ikamwagikia miguu yangu. Niliporudi nilikuwa nawaka kuliko lile jiko.

"Unataka kutuchoma? Ee? Mtu anakaa juu ya petroli anasema hasikii kitu?"

Alikuwa ameketi kwenye jiwe, anajifuta vidole kimoja kimoja. Hapo kitu kikanigusa. Nikachukua kile kitambaa alichojifutia, kimelowa petroli chepechepe, nikamwekea puani. Hata kichwa hakurudisha nyuma.

Hasira zote zikaniishia pale pale.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya mwezi wa tatu."

Na tulikuwa mwezi wa kumi. "Na hawa wanaokuletea jerikeni zao?"

"Naangalia rangi. Naangalia macho ya yule anayeuza." Akakikunja kile kitambaa. "Mara nyingine nabahatisha. Hata hii ya kwangu nilibahatisha." Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Usimwambie Shafic."

"Sitamwambia," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeamua kufa nalo.

Nikafunga leso kiunoni, nikachambua vumbi kwa vidole mpaka nikaipata ile washa, nikaiosha. Magoti yake yalikuwa yamegoma, kwa hiyo nilijilaza chini mimi, mwanamke wa miaka sitini na tatu, yeye akinielekeza kutoka kwenye kigoda. "Kaza. Polepole! Utakata nyuzi za bolti." Tukangoja mpaka upepo ukasafisha uwanja. Akazungusha funguo kidogo, nami nikanusa kila bomba na kila bolti.

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nimesema hakuna."

Akaiwasha. Ikashika mara moja, kimya, tamu. Yeye hakutabasamu.

Jumapili Shafic akaja na huyo Hardy, kijana mnene mwenye mdomo mtamu. Wakaenda wote watatu mpaka mlimani, wakarudi. Hardy alishuka anaipapasa gari mgongoni. "Muzee, hii siwezi kuikata. Nitapata dhambi." Shafic akacheka, akainua mikono. "Basi, Baba. Umeshinda."

Hata hawajakaribia viti, Bright akaingia na pikipiki, jerikeni ya njano imefungwa nyuma. Huyu ni wa bodaboda za hapa njia panda. "Muzee, shikamoo. Tumechanga watu kumi, tunataka kuchukua pipa muzima. Muuzaji iko anangoja pale mupakani. Tunusie."

Watu kumi. Muhamood akafungua kifuniko. Akafumba jicho moja, kama siku zote. Mimi nilikuwa nimeshajisogeza upande wa upepo, na mafuta ya taa nilikuwa nayasikia waziwazi. Ilibaki tu anitazame, nitikise kichwa, iishe. Nilimngoja anitazame.

Hakunitazama. Alifunga kifuniko, akakikaza.

"Bright, pua yangu imekufa. Tangu mwezi wa tatu sisikii kitu. Zile jerikeni za mwezi uliopita nilikubahatishia, na nilifanya vibaya. Unisamehe."

Bright akaivuta jerikeni yake. Shafic akadakia. "Baba! Na unaendesha? Gari ikivuja je?"

"Ilivuja jana. Mama yako ndiye aliyesikia."

Jamani, mtu ameshinda, amepewa gari yake mbele ya mashahidi, anafungua mdomo anaitoa tena! Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Shafic akamgeukia Hardy, Hardy akaanza kuangalia matairi upya, na mzee wangu akatia mkono mfukoni kutafuta funguo ampe kwa mkono wake, kana kwamba gari ilikohoa.

"Rudisha hizo funguo mfukoni," nikasema. "Hardy, mwanangu, asante kwa kuja, shika njia. Gari haiuzwi. Ikitoka hapa natoka nayo, nimekaa mbele, na nikisema simama atasimama."

"Mama, wewe si ndiye uliyesema iuzwe…"

"Nilisema. Sasa nasema hivi." Nikainamia jerikeni ya Bright. "Hii imetiwa mafuta ya taa. Rudisha."

Akanitazama, akamtazama Muhamood. Muhamood akatikisa kichwa kukubali. Bright akaenda kuirudisha.

Walipoondoka wote nilipakua chakula. Bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wabichi wa Hamukungu niliowaunga kwa nyanya na vitunguu. Tukanawa, tukala. Akamega, akachovya, akameza, akasema kama anavyosema kila siku, "Tamu."

Mkono wangu ukasimama njiani. "Baba Shafic. Niambie mimi kama ulivyomwambia Bright."

Akamega tonge jingine, akaliweka ukingoni mwa sahani.

"Miezi saba nakula kwa kukumbuka, Aidah. Samaki wako bado namkumbuka vizuri. Maharage yameanza kunipotea."