Kadi Mbili za Mama

Mama alikuwa na kadi mbili za presha, na aliyemnyang'anya moja ni mimi. Naanza hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanza pengine najikuta najitetea, na kujitetea kumenichosha.

Kazi yenyewe niliipenda kupita kiasi. Mradi wetu ulikuwa na ofisi Busia, upande wa Kenya, juu ya duka la mbegu. Nilikuwa napokea rekodi za wagonjwa wa presha na sukari kutoka vituo vya pande zote mbili za mpaka, nazichambua kwa kompyuta tujue nani anakuja, nani ameacha kuja, na dawa zinakwisha wapi. Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa dakika kumi mguu unaanza kucheza wenyewe. Mwenzangu wa meza ya pili, mwanamke wa Kisamia aliyenizidi kama miaka ishirini, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza rekodi kutoka vitabu vya vituo, alizoea kuniambia, "Wewe mtoto, siku moja utatoboa hiyo sakafu tuanguke kwenye mahindi ya watu." Lakini data ilinituliza. Namba hazina kelele, wala hazikuulizi utaolewa lini.

Siku moja wakubwa wakalalamika kwamba hesabu zetu zimevimba. Kuna watu wameandikishwa Kenya na Uganda, wanachukua dawa mara mbili, walisema, na mimi niwatafute.

Nikaandika programu. Majina hayakufaa kitu, kwa sababu mtu wa mpakani hutumia jina la ubatizo upande huu na jina la ukoo upande ule, na hajamdanganya mtu, yote ni yake. Basi nikalinganisha mwaka wa kuzaliwa, tarafa anayotoka, na namba ya simu ya ndugu wa karibu, ile inayoandikwa kwenye kadi ili ukizidiwa apigiwe. Kwa kulinda siri za wagonjwa, namba zile zilinifikia zikiwa zimefichwa, kila moja imegeuzwa kuwa mlolongo wa herufi usiosomeka. Sikumwona mtu pale. Niliona milolongo miwili inayofanana, nikaiunganisha.

Orodha ilipotoka, ndefu hiyo, nilipiga meza kwa furaha. "Nimewanasa! Wezi wakubwa hawa!"

Mwenzangu hakucheka. "Wezi wa vidonge vya presha? Nani anavila kwa starehe?"

"Wewe ingiza rekodi zako," nilimjibu. Ndivyo nilivyomjibu mtu mzima yule, na wala sikuona haya.

Kila aliyekuwa kwenye orodha akabakiziwa kituo kimoja, kile alichojiandikisha kwanza. Kadi ya pili ikafungwa. Wakubwa walinisifu mbele ya watu, na wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Kwetu ni Kwapa, upande wa Uganda. Mama analima karanga na muhogo, na siku za soko huvuka mpaka pale Malaba na karanga zake. Hana simu, hataki hata kuisikia. Nilijua ana presha na nilijua anameza dawa, basi. Nilikuwa nazunguka vijiji vya watu na dodoso mkononi, nawauliza mama za wenzangu walikula nini jana na walimeza nini asubuhi, lakini wa kwangu sikuwahi kumuuliza dawa zake anazipata wapi.

Karibu miezi miwili baadaye jirani yetu akanipigia. Mama ameanguka shambani, wamempeleka Tororo. Nilivyofika sikumbuki vizuri, nakumbuka tu nilimgombeza mwenye boda njia nzima, na alikuwa anakimbia kweli, maskini. Nilimkuta mama kitandani, mdomo umevutika kidogo upande, mkono wa kushoto umelala juu ya shuka. Kiharusi.

Daktari akaniuliza, "Aliacha dawa lini?"

"Mama yangu haachi dawa!" Nilimfokea mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Mama ndiye aliyejibu, polepole, maneno yakimtoka kwa shida. "Huku kwetu zilikwisha. Wananiambia kuja kesho, kuja wiki kesho. Nikavuka. Kule dirishani wananiambia kompyuta imesema mimi si wa kule, nirudi kwetu. Nikarudi kwetu, hakuna. Sasa nilikuwa nakwenda wapi? Nikakaa."

"Kule ulikuwa na kadi, mama?"

"Eh. Miaka mingi." Akanitazama kama mtu anayemshangaa mjinga. "Huku zikikwisha, kule ziko. Kule wakigoma, huku wako. Akiba haiozi."

Nilitoka nje. Nilizunguka ule uwanja wa hospitali sijui mara ngapi, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilijua tayari, lakini moyo ulikuwa unabishana nami. Labda ni kompyuta nyingine, nilijiambia, labda ni makosa ya karani.

Jumatatu nilifika ofisini, sikuvua hata koti. Niliichukua namba yangu ya simu, nikaificha kwa njia ileile tuliyozifichia namba za wagonjwa, nikatafuta mlolongo uliopatikana. Ukatokea mara mbili. Mwanamke, mzaliwa wa mwaka wa mama, wa Kwapa, majina tofauti, ndugu wa karibu mmoja. Ndugu huyo ni mimi. Nilikuwa nimemfunga mama yangu kwa namba yangu mwenyewe.

Na hapo ndipo nilipoona upumbavu wote. Hapa mpakani nani hana laini mbili? Mimi ninazo, ya Kenya na ya Uganda, na kila mchuuzi wa Malaba anazo. Waliokuwa na ndugu wa laini mbili waliandikisha moja huku na nyingine kule, na programu yangu ikawapita bila kuwaona. Iliwanasa wale wenye namba moja tu ya kutoa, na mama anaijua namba moja tu kwa kichwa duniani kote. Mimi niliyezaliwa hapa nilitakiwa kulijua hilo kabla sijagusa kompyuta.

Nilimweleza mwenzangu. Nilitegemea aniambie si nilikuambia, na nilistahili. Akavuta kiti. "Kaa kwanza. Hao wezi wako walikuwa wanavuka lini?"

Nikaziweka tarehe za kadi za pili sambamba na siku ambazo vituo viliishiwa dawa. Jamani! Takriban kila kadi ya pili ilitumika wakati rafu ya kituo cha kwanza ni tupu. Rafu ikijaa, watu wanarudi kwao. Hakuna aliyekuwa analimbikiza. Tena walianza kuvuka siku kadhaa kabla ripoti ya upungufu haijatufikia ofisini. Miguu yao ilikuwa inatupa habari, na mimi nilikuwa nimeifuta habari hiyo nikaiita uchafu.

Nilienda kwa wakubwa na sikuzungumza kwa adabu. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo orodha yako ilikuwa na makosa?"

"Haikuwa na kosa hata moja," nilisema. "Watu walikuwa ni walewale. Mimi ndiye sikuuliza wanavuka kwa nini."

Ilichukua wiki kadhaa za kusumbuana, barua juu ya barua, lakini kadi zilifunguliwa. Siku hizi watu wa kituo kimoja wakianza kuonekana ng'ambo, tunajua dawa zinakwisha kwao, na tunapiga simu mapema. Kazi ni nzuri, nasema kweli. Lakini tangu hapo sijaweza kutuma orodha bila kuinuka mara tatu, nizunguke meza, nirudi niisome upya.

Nilimpelekea mama habari mwenyewe. Nilimkuta mlangoni anamenya karanga, ganda amelibana gotini kwa kifundo cha mkono mbovu, analipasua kwa mkono wa kulia.

"Kadi yako ya kule wameifungua, mama."

"Mungu asifiwe. Nani alikuwa ameifunga?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

Mguu wangu ukaanza kucheza. Ningeweza kusema ya mradi, na isingekuwa uongo.

"Yangu, mama."

Alipasua karanga moja, akapasua ya pili, punje moja ikamponyoka ikabiringika vumbini na yeye akaifuata kwa macho tu.

"Na mimi siku ile dirishani nawaambia," alisema, "nipeni simu, mimi niko na mtoto wa kazi ya kompyuta, atawatengenezea hii sasa hivi. Wakanipa. Nikashika simu. Halafu nikasema aa, mtoto ako kazini, nisimsumbue."