Namba Kwanza, Kisha Neno

Sikusoma sana, kwa hiyo huenda nakosea nikisema luga zingine za kompyuta zilinichosha kwa mabano yao. Hii niliyoipenda haina mengi. Unaweka kitu chini, unaweka kingine juu yake, na mwisho ndipo unasema vifanyiwe nini. Kama liboke: jani, samaki, chumvi, pilipili, kisha unafunga. Nani anaanza kwa kufunga? Tena unaifundisha maneno yako mwenyewe. Niliifundisha PASHA, POZA na KIKOMO, na ile kadi ndogo ya umeme ndani ya kuveze ya mke wangu, sanduku la kuangulia mayai, ikayasikia. Mashini kufuata maneno ya nyumbani kwetu Mangobo! Nilivimba kichwa, sikatai.

Mke wangu alitia humo mayai yake ya kwanza, yale aliyotaka kuanzia ufugaji. Mimi nikaenda shambani Masako kuvuna mihogo. Simu ikalia; ni mke wangu, ambaye huniita Papa.

"Papa, kuveze iko nachoma! Mayai itaiva!"

Nikamwambia ampe simu kaka yake mdogo, yule aliyesoma informatiki, aunganishe kompyuta yake na kushusha joto.

"Shemeji, naandika KIKOMO 37, inanijibu alama ya kuuliza tu."

"Namba kwanza, kisha neno."

"Mais pourquoi, kwa nini? Batu bote banaanza na neno!"

"Hii mashini hapana. Andika namba."

"Bon. 37. Imenyamaza."

"Vizuri, sasa neno!"

Mtandao ukakatika. Nilipompata tena alikuwa amechomoa waya wa umeme wa kuveze.

"Shemeji, hii si luga. Ni siri yako na mashini."

Nilirudi na hasira nyuma ya pikipiki, nimekumbatia gunia la mihogo. Mtu na diplome yake, kitu chepesi namna hii! Lakini tuseme haki: alikuwa amefungua mfuniko joto lipungue, kisha akaufunga na kupanga chupa za maji ya moto pembeni mayai yasipoe, wakawa wanapokezana na dada yake kuzibadilisha. Mimi ningefanya nini zaidi, nikiwa Masako?

Siku ya kuangua, vifaranga walitoka, lakini mayai mengi yalibaki kimya. Ni lile joto? Sijui. Jogoo wetu naye ni mzee. Mke wangu aliyakusanya yaliyokufa ndani ya ndoo, akasema bila kunitazama:

"Papa, sasa uandike ile mutu mwingine anaweza kusoma."

Tumeandika upya maagizo ya kuveze, mimi na shemeji, kwa luga yake. Mabano kila kona. Nilibishana naye juu ya kila mstari, na kila mara alikuwa na sababu, jambo linalochosha zaidi. Inafanya kazi.

Mayai mapya yako ndani. Jana nilishinda Masako, simu mfukoni, nikiitoa kila mara kuangalia kama mtandao upo. Ulikuwepo. Niliporudi, mke wangu akaniambia joto lilipanda tena mchana, akalishusha mwenyewe, akaenda sokoni.