Alama za Pambano la Etyang

Wapenzi wa mieleka wa Busia, upande wa Uganda, hawana desturi ya kuulizana nani ameshinda. Mshindi hupangwa kabla ya pambano, na hilo si siri kwa mtu yeyote. Wao huulizana jambo lingine: limefika ngapi? Hapo kila mmoja huinua mkono na kuonyesha vidole. Kidole kimoja ni pambano la kumfanya mtu ajute kuacha shamba lake. Vitatu ni pambano la kwenda kusimulia nyumbani. Mkono mzima ulionekana kwa nadra sana, na aliyeufanya uwe adimu hivyo ni mwanamke mmoja muuza samaki, Proscovia Nasirumbi, ambaye sokoni wote walimwita Mama Arthur.

Alizaliwa Masaba, kwa watu wa jembe. Akaolewa mjini na Maloba, mwenye kibanda cha video nyuma ya soko, mabati juu na mabenchi ya mbao chini. Siku za mieleka ya ng'ambo kibanda kilijaa hadi watu wakasimama nje wakichungulia. Maloba alishika kipaza sauti na kutafsiri, mara Kisamia, mara Kiswahili, akiongeza chumvi yake. Proscovia alikaa mlangoni. Kutoka pale maneno hayakumfikia vizuri kwa sababu ya mngurumo wa jenereta, kwa hiyo akajizoeza kutazama miili. Akagundua kwamba macho yake hayamfuati yule anayerusha. Yanamfuata anayerushwa: anavyoshika mbavu, anavyojikokota, anavyokataa kulala. Huyo ndiye aliyemfanya asahau kwamba yote yamepangwa.

Maloba alipofariki, na simu zilipoingia kila mfukoni, kibanda kilifungwa. Proscovia akaanza kuuza dagaa na sangara wa kukaushwa. Kisha vijana wa pande zote mbili za mpaka wakaanzisha mieleka yao wenyewe. Walichimba uwanja wa wazi, wakalainisha udongo, wakasimamisha nguzo za mkaratusi na kuzungusha kamba. Kila Jumamosi alasiri Mama Arthur alikuwa kwenye benchi la mbele, na jirani yake alikuwa Phanuel, Mkenya aliyevuka kila asubuhi kuuza viatu vya mitumba.

Hao wawili hawakuwahi kukubaliana. Phanuel alipenda mirusho.

"Mama Arthur, mtu akitupwa chini mpaka vumbi liruke, hiyo ni nne. Hakuna story."

"Wewe unapima kishindo tu, Phanuel. Gunia la mahindi pia lina kishindo."

"Sasa wewe unapima nini?"

"Akipigwa goti, natazama kama goti litamuuma hata baadaye. Akisahau goti lake, mimi pia nasahau kuinua kidole."

Watu walicheka, lakini vidole vyao vilingoja vyake. Akiinua viwili, wenye vinne walianza kuvishusha polepole.

Kati ya wanamieleka, aliyemsumbua zaidi ni Etyang, kijana mrefu wa kijiji cha Mella, mfyatua matofali mwenye mke aitwaye Justine. Etyang alikuwa wa kushindwa. Ndivyo alivyopangiwa na ndivyo alivyopenda. Kila baada ya pambano alifika kwenye meza ya samaki, akasalimu kwa heshima, akasimama kama mtu aliyeitwa.

"Mama, ile yangu ilikuwa ngapi?"

"Mbili na nusu. Ulishika mgongo vizuri. Halafu watu wakakushangilia, ukanyooka kama askari. Mgongo ulipona wapi?"

Etyang aliinamisha kichwa akakubali. Jumamosi iliyofuata mgongo haukupona. Proscovia hakumwambia, lakini alimpenda kama mtu anavyompenda mwanawe anayesikia.

Siku za sikukuu za Krismasi, watu wakiwa wamerudi makwao kutoka Kampala na Nairobi, lilipangwa pambano la Etyang na Kevo. Kevo alikuwa mpakiaji wa malori upande wa Kenya, kifua kama mlango, na watu walimwogopa kwa furaha. Asubuhi mvua ilinyesha. Vijana walimwaga maranda ya mbao juu ya udongo, wakaona inatosha.

Lilikuwa pambano zuri. Kevo alimkamata Etyang mguu mapema, na Etyang akaubeba mguu ule mpaka mwisho, akichechemea, akishikilia kamba, akianguka na kuinuka. Proscovia alisahau kila kitu. Kisha Kevo akamwinua begani, akazunguka naye kama walivyozoea, na mguu wake ukateleza kwenye udongo uliojificha chini ya maranda. Etyang alishuka kwa shingo.

Kevo alipaswa kumlalia ahesabiwe. Badala yake alipiga magoti, akakishika kichwa cha Etyang kwa mikono miwili, akainamisha uso wake karibu na wa mwenzake. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Etyang hakutikisika.

Uwanja ukanyamaza. Jitu lile, ambalo kila mtu alijua halina huruma, lilikuwa limemshika mpinzani wake kama mama anavyomshika mtoto mchanga. Hakuna aliyewahi kuona mwisho wa namna hiyo. Phanuel aliinuka na kunyoosha mkono mzima. Watu wakamgeukia Mama Arthur. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akainua mkono wake, vidole vyote vitano, na uwanja ukalipuka kwa makofi, vigelegele na ngoma za mabati.

Kevo akainua uso. "Hachezi!" alipiga kelele. "Jameni, hachezi!"

Wengine walizidi kupiga makofi. Walidhani na hilo limepangwa.

Etyang alibebwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye duka la karibu, akapelekwa hospitalini Tororo. Kevo alitembea kando ya mlango ule mpaka kwenye gari, akikataza mtu yeyote asimguse shingo. Gari lilipoondoka, yeye akageuka, akavuka mpaka, na hakuonekana tena siku zile.

Proscovia hakufungua meza yake wiki ile. Phanuel alimfuata nyumbani, akamkuta ameketi uani mikono mapajani.

"Hakuna mtu alijua, Mama Arthur. Usijiue na mawazo."

"Kevo alijua."

"Kevo alikuwa karibu."

"Na sisi tulikuwa mbali kiasi gani? Benchi la mbele, Phanuel. Kutoka hapa hadi pale mlangoni kwangu. Mimi ndiye nasema nawatazama wanaoumia. Miaka yote nawaambia watu, tazameni anayeanguka. Nilitazama nini?"

Phanuel akamnyoshea mkono, akasema, "Twende tukamwone," nao wakaenda.

Walimkuta Etyang amelala chali, shingo imefungwa isigeuke, macho yake yakitazama dari. Mkono mmoja ulikuwa ukisogea kidogo. Justine alikuwa ameketi pembeni, akimlowesha midomo kwa kitambaa. Aliitikia salamu bila kuinua macho.

"Ni Mama Arthur?" Etyang aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Ni mimi, mwanangu."

"Ilikuwa ngapi?"

Justine alikiacha kitambaa. "Bado mnahesabu vidole?" alisema. "Mtu wangu hasikii miguu yake, na nyinyi bado mnahesabu?" Akainuka akatoka nje.

Proscovia alitaka kumfuata, lakini Etyang akasema, "Kaa, Mama. Mimi nataka kujua. Nilikuwa pale chini, miguu imepotea, mikono imepotea, lakini watu niliwasikia. Tangu nianze mieleka sijasikia watu hivyo. Na wewe uliinua?"

"Niliinua."

"Ngapi?"

"Yote."

Etyang alifumba macho. Phanuel, aliyesimama mlangoni, alidhani amefurahi. Lakini alipoyafumbua alisema, "Hiyo si yangu. Mimi nilianguka, nikalala tu. Mtu aliyelala unampa alama ya nini? Niambie ya kabla ya hapo."

Ilimwia Proscovia vigumu, lakini alijua kwamba kumdanganya mtu huyu kitandani kungekuwa kumtupa mara ya pili. Akalikumbuka pambano tangu mwanzo, kamba, mguu, kuanguka, kuinuka.

"Tatu na nusu," alisema. "Mguu uliubeba mpaka mwisho. Hukuusahau hata mara moja. Hilo sijaliona kwa mtu mwingine."

"Tatu na nusu," Etyang alirudia, na safari hii chozi lilimteremka kuelekea sikioni, kwa kuwa hakuweza kugeuza uso. "Hiyo naichukua." Kisha akauliza, "Kevo yuko wapi? Hajakuja."

Hawakujua.

"Mtafuteni. Pale chini alikuwa ananiambia, usisogee, ndugu yangu, usisogee, nimekushika. Daktari anasema wangenikurupusha kuniinua, leo mngekuwa mnanizika. Yeye hajui hilo. Mwambieni."

Phanuel aliuliza kwa wapakiaji, na siku ya tatu akapata habari. Kevo alikuwa akipakia saruji kwenye ghala moja Malaba, upande wa Kenya. Walimkuta mchana wa jua kali, amejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Alipomwona Proscovia alitua mfuko chini lakini hakusogea.

"Amekufa?"

"Yuko hai. Anakuita."

"Siwezi kwenda. Nimemvunja, Mama. Mimi ndiye niliyeteleza."

"Uliteleza. Halafu ukamshika. Daktari anasema mikono yako ndiyo iliyomwacha hai."

Kevo alifuta uso, vumbi likawa tope. Akamtazama mama huyo wa benchi la mbele. "Nilipiga kelele," alisema. "Nyinyi mkapiga makofi."

Phanuel alifungua mdomo ili ajitetee. Proscovia akamzuia kwa mkono.

"Ndiyo," alisema. "Tulipiga makofi. Mimi niliinua mkono, wengine wakanifuata. Sina la kukuambia juu ya hilo isipokuwa pole. Sasa njoo, mwenzako anangoja."

Kevo akaenda kunawa kwenye pipa, akaaga wenzake, akafuatana nao hadi Tororo. Waliyoambiana yeye na Etyang hakuna aliyeyasikia. Proscovia na Phanuel walingoja nje ukutani, na Justine, ambaye alikuwa amekaa kivulini, hakuwasemesha.

Etyang hakufa, lakini hakupona kikamilifu. Baada ya miezi mingi alitembea kwa fimbo, mguu mmoja ukiburuta. Matofali yakamshinda. Justine alishika shamba peke yake, na majira ya kulima yalipofika, Kevo alivuka na jembe lake, akalima nao Mella mpaka mbegu ikaingia ardhini. Mieleka hakuirudia. Vijana walimbembeleza, akawaambia mikono yake imekataa kumwinua mtu juu.

Uwanjani mambo yalibadilika kidogo kidogo. Pambano likiisha, Mama Arthur aliweka mikono mapajani na kungoja. Aliyeanguka alipoinuka na kutoka kwenye kamba kwa miguu yake, ndipo alipoinua vidole. Hakumwagiza mtu afanye hivyo. Lakini waliokaa karibu naye walianza kungoja, kisha na wa nyuma. Phanuel bado anapenda mirusho, na bado wanabishana, ila siku hizi mtu akirushwa, yeye husimama kwanza amtazame shingo.

Proscovia huenda Mella akipata nafasi, amebeba samaki. Mara za mwanzo Justine alipokea kikapu uani, akashukuru kwa neno moja, akarudi kazini. Proscovia alikubali hivyo. Aliketi na Etyang kwenye shina la mti lililoangushwa, wakaongea, akaondoka jua likiwa bado juu. Msimu huu wa karanga alimkuta Justine amezianika juu ya turubai, mvua inakaribia kutoka upande wa mlima. Hakusalimu. Aliinama tu, akashika ukingo mmoja wa turubai, Justine akashika mwingine, wakazibeba ndani pamoja. Walipomaliza Justine alisukuma kigoda kwa mguu.

"Keti, Mama Arthur," alisema. "Itanyesha. Huwezi kwenda sasa."