Mama Mkwe Chumbani kwa Daktari

Kuumwa ugenini ni kubaya. Lakini kuumwa ugenini, na wa kukupeleka hospitali awe mama mkwe, hilo simwombei hata adui yangu.

Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Nilikuja Iguguno, huku Singida, kufunga mashine ya kukamua alizeti, nikapata mke, nikabaki. Hapa wananiita Mkenya, na mpaka leo wananicheka nikienda dukani nikasema "nipatie sukari" badala ya "naomba". Mengi wamenifundisha upya. Jambo la mkwe tu ndilo hawakuhitaji kunifundisha. Kwetu, mama wa mke wako humkaribii. Humpi mkono, huli naye, ukimwona njiani unampisha. Nilipokuta Wanyiramba nao wana heshima hiyohiyo nilifurahi, nikasema hapa ni nyumbani. Mjinga mimi!

Jumapili moja nilikuwa nainua chuma cha mashine peke yangu. Vijana walikuwa kanisani, na mimi kungoja sijui. Ngiri nilikuwa nayo siku nyingi. Ikishuka kwenye kinena nairudisha kwa mkono, maisha yanaendelea. Siku hiyo ikashuka, ikagoma kurudi. Daktari mmoja wa kwetu aliwahi kunionya: ikinasa, kimbia, utumbo unaoza ndani na wewe unakufa. Nililala chini pale kwenye mashudu ya alizeti, jasho linanitoka, nikampigia mke wangu. Alikuwa Kintinku anamuuguza dada yake aliyejifungua.

"Tulia, mama anakuja kukupeleka," akasema.

"Mama yupi?"

"Kwani nina mama wangapi?"

"Wewe mwanamke, afadhali nife!"

"Haya, kufa. Lakini mama ameshatoka."

Akaja na bajaji. Hakunitazama. Alisimama amenipa mgongo, kanga kaivuta mpaka usoni, mimi nikajikokota huku nimeinama, mkono umeshika kinena. Akajibana mbele na dereva ili tusikae kiti kimoja. Barabarani kila shimo nililisikia tumboni, na kulia siwezi, mkwe yupo.

Kwenye kituo cha afya daktari alikuwa kijana, mpole, akampa mama shikamoo yake. Nikajua sasa tutaachana. Wapi! Muuguzi akamwambia, "Mama, ingia na mgonjwa wako," akamvutia kiti. Chumba chenyewe kidogo, pazia hakuna. Mama akakaa, akageukia ukutani.

"Unaumwa wapi?" daktari akauliza.

"Tumbo."

"Wapi hasa?"

Nikamwonyesha juu, chini ya kifua. Mungu wangu, ningeonyesha wapi? Nifungue suruali mbele ya mama mkwe?

"Choo unapata?"

Nilitaka ardhi inimeze. "Napata," nikasema, na sikuwa nimepata hata upepo. Akaniminya palepale juu, akaniuliza kama nakula pilipili. Mwisho akasema ni vidonda vya tumbo, nimeze dawa, nipumzike nyumbani, kesho nirudi.

Nikatapika. Nilitapika kwenye sakafu yake, maji ya kijani, na bado nikasema asante daktari. Najua mtu ataniuliza, kwa nini hukusema? Wewe jaribu. Ulimi ulikuwa mzito, na kila nilipoufungua mdomo niliuona ule mgongo wenye kanga. Kumwambia mama atoke pia sikuweza. Ningemtoaje mkwe bila kumwambia kuna kitu hapaswi kukiona? Nikajua nitakufa, na nikajua nitakufa kwa adabu.

Daktari alikuwa ameshashika kitasa cha mlango, anaita mgonjwa mwingine. Ndipo mama akasema, bado ameuangalia ukuta.

"Daktari, huyu anakudanganya."

"Vipi, mama?"

"Mwangalie chini ya mkanda. Nilichungulia, nikaona alivyotoka mashineni kashika wapi."

Nilifumba macho. Sijawahi kuaibika vile, sitaaibika tena vile.

"Mume wangu naye alisema tumbo," akaendelea. "Akapewa vidonge. Akasema tumbo, tumbo, mpaka tukamrudisha nyumbani akafa. Kwa sababu siku ile aliyemsindikiza alikuwa mama yangu. Alikaa hivi nilivyokaa mimi."

Akainuka, akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Daktari hakunilaumu. Alinifungua mkanda mwenyewe, maana mikono yangu haikuwa na nguvu. Akaangalia mara moja tu, akapiga kelele gari liwashwe, huyu anakwenda kupasuliwa Singida sasa hivi. Wakanilaza kwenye machela.

Nje, mama mkwe alikuwa ameketi chini, miguu kainyoosha, kanga imemwanguka kichwani. Alikuwa anamlilia mumewe kwa sauti, kwa Kinyiramba, kama amekufa asubuhi ileile. Watu waliokuwa foleni walidhani ni mimi niliyekufa, wakaanza kumpa pole. Nami nikapitishwa mbele yake, mzima, macho yananitoka, na heshima ikanikataza hata kumwambia pole, mama.