Pengo la Mzee Obuya

Daktari wa meno yule kijana, pale Kilimani, hupasha kioo chake joto kiganjani kabla ya kukitia mtu mdomoni, na husema "pole" mapema, sindano ikiwa bado mbali. Mzee Obuya alimpendea hilo. Leo alimaliza kumjengea meno ya juu yaliyolika, kisha, akitabasamu, akampachikia na ya bandia kwenye pengo la chini. "Hayo ni zawadi yangu, mzee."

Mzee alijitazama, akapigwa na butwaa. "Ya chini hayakulika, daktari. Yaling'olewa kwetu Siaya nikiwa kijana, ndipo nikahesabiwa mwanamume. Nikifa leo, wazee wangu waliotangulia watanijuaje?"

Daktari alikichukua tena kioo chake, akakipasha joto kiganjani. "Pole, mzee," alisema, safari hii kwa kuchelewa.