Gari la Mzee Kofia Lilivyotukalia Shimoni

Wenzangu hukwama kwenye lifti na warembo. Mimi nilikwama kwenye shimo la gereji, lile la kukagulia magari kwa chini, na mzee aliyekuwa karibu kunifukuzisha kazi, gari lake limetukalia juu kama kifuniko cha sufuria.

Leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Mimi ni fundi kwenye gereji ya mjomba. Nilimaliza sekondari, matokeo yakatoka, tukakubaliana kama familia kwamba tusiyazungumzie. Mjomba akanipa ovaroli.

Mteja wetu mmoja tulimwita Mzee Kofia, maana hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Mstaafu, mpole, na gari la spoti la zamani. Jekundu, viti viwili, liko chini mpaka paka anazunguka.

Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa kelele. Ngwi-ngwi kila likipita kwenye tuta.

Nikabadilisha bushi, zile raba zinazokaa kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Mzee akiwa kwenye benchi anatutazama, mjomba akanipigia kelele kama kawaida yake:

"Kaza boliti gari likiwa limesimama kwa miguu yake! Ukikaza magurudumu yananing'inia, raba inajisokota, inachanika!"

Nikafanya hivyo hivyo.

Baada ya siku chache, huyo karudi. Ngwi-ngwi. Raba zimechanika.

Nikafunga raba ngumu zaidi, zile za watu wa mashindano. Karudi tena!

"Ulikaza likiwa hewani," mjomba akasema.

"Mjomba, lilikuwa chini!"

"Basi raba zinatafunwa na majini. Likirudi tena, vua ovaroli uende kwenu."

"Kwetu ndiyo kwako, mjomba."

"Ndiyo maana naona aibu."

Alikuwa hatanii. Namjua akitania.

Nikafunga raba mpya. Safari hii nikapaka kila boliti mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye kichwa chake mpaka kwenye chuma cha pembeni. Akiigusa mtu, mstari utakatika.

Gari likarudi. Nikaingia shimoni na taa. Mistari yote imekatika!

"Mzee, hebu shuka ujionee mwenyewe!"

Akashuka. Mjomba, huko juu, akaegemea mkia wa gari. "Ngoja nilitikise nisikie hiyo kelele."

Kraa!

Chuma kinachoshika mkono wa nyuma kilichanika. Gurudumu likalala, tumbo la gari likakaa sakafuni, na ngazi ya kutokea ikafunikwa.

"Mko hai?"

"Kwa sasa, mjomba!"

"Msiguse kitu! Naazima jeki kubwa kwa jirani!"

Viatu vyake vikakimbia.

Tulichuchumaa magoti yamegusana. Kila chuma kikilia juu, tulikuwa tunavuta vichwa kama kobe. Nikamulika boliti.

"Mzee, kuna mtu anafungua hizi."

Akavua kofia. Kipara. Mwaka mzima tumebishana bure.

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Nalinyanyua kwa jeki, nalegeza, nakaza likiwa linaning'inia. Si mjomba wako alisema namna hiyo raba huchanika?"

"Sasa unajiharibia gari la nini?"

Akaikunja kofia, akaikunjua.

"Tangu mama watoto afariki, nyumbani nasikia saa ya ukutani kutoka jikoni. Hapa kwenu kuna benchi. Mnataniana. Mnaniita Mzee Kofia mkidhani mimi kiziwi."

"Mzee, nafukuzwa kazi kwa hili!"

"Hilo sikulijua, mwanangu. Haki ya Mungu sikulijua."

Hapo ndipo nilipokwama kwelikweli. Nikisema, mzee anapoteza benchi. Nikinyamaza, napoteza ovaroli. Gari juu, ukuta nyuma.

Jeki ikaja. Gari likainuka, tukatoka tumepakwa grisi kama mandazi kwenye mafuta.

Mjomba akaikagua mistari ya rangi, akanigeukia. "Nani alikaza boliti hizi?"

Nikafungua mdomo. Nikatanguliwa kusema. Muulizeni mama yangu, hilo halijawahi kutokea.

"Mimi," mzee akasema. Akamweleza yote, mpaka ya saa ya ukutani.

Mjomba akakitazama chuma kilichochanika kwa kufunguliwa na kukazwa ovyo. "Mzee wangu, ungemuua huyu. Na wewe mwenyewe."

"Najua."

Mjomba akajifuta mikono taratibu, kila kidole peke yake.

"Hiyo jeki yako ya nyumbani utaileta hapa, na haitoki. Halafu, haya magari ya spoti hukazwa bushi kukiwa na mtu kwenye kiti cha dereva, gari lipate uzito wake. Sisi huwa tunaweka gunia la mchanga." Akamtazama juu mpaka chini. "Kuanzia kesho, gunia ni wewe."

Mzee akavaa kofia yake haraka, akaishusha mpaka machoni. Nikajifanya natafuta spana.

Basi mafundi wenzangu, gari likirudi na ugonjwa uleule, kagua boliti. Ukimaliza, muulize mwenye gari nyumbani kwake anaishi na nani.

Gari jekundu sasa limenyamaza kabisa. Gunia ndilo halinyamazi.