Chupa Niliyompa Mshitaki Wangu

Zamani zile za Wabelgiji, kwetu Kasongo, mafuta ya taa hayakuja na chupa. Ulikwenda dukani na chupa yako mwenyewe, imezibwa kwa kigunzi cha mahindi, mwenye duka akakupimia kutoka kwenye pipa, ukaondoka. Ukirudi kulalamika, alikuwa na swali moja tu: "Chupa iko ya nani?" Hapo maneno yaliisha. Kilichokuwa ndani ya chupa yako kilikuwa chako, na ubaya wake pia.

Wazazi wetu walikufa katika msimu mmoja wa mvua. Mimi, binti mkubwa, nilitoka shule kabla ya kumaliza darasa la tatu, nikaanza kukaanga vitumbua vya mchele na kuviuza kando ya soko. Nyuma yangu walikuwa watatu: wasichana wawili na mvulana wa mwisho. Wote waliniita yaya, kama wadogo wa kwetu wanavyomwita mkubwa wao. Baba mdogo, aliyekuwa akilima Lusangi, alikubali tubaki katika nyumba ya baba, lakini alisema mbele ya ukoo:

"Siku nitasikia jambo moja baya katika nyumba hii, nawagawa. Mmoja Lusangi, mmoja Nyangwe, mmoja Kabambare."

Aliyasema polepole, akimtazama kila mtoto alipotaja mahali pake. Tangu siku ile mdogo wetu wa kiume hakulala bila kushika pindo la nguo yangu.

Jambo baya lilikuja baada ya magharibi. Nilikuwa nimenunua mafuta kwenye duka la karibu na soko. Harufu yake ilikuwa kali, na mwenye duka aliniambia ni mafuta mapya, yametoka Ulaya juzi. Nilijaza taa yetu ya kopo, nikawasha. Taa haikuwaka kama siku zote. Ilivuta pumzi, kama mtu anayetaka kupiga chafya, kisha kopo lote likawa moto. Nilimshika mdogo wangu nikamtupa nje. Mkono wake ulikuwa umeungua. Moto ulipanda kwenye nyasi za paa letu, ukaruka ua, ukala jiko la jirani.

Jirani huyo alikuwa mama mjane mwenye sauti ya kusikika mtaa mzima. Asubuhi alisimama katikati ya majivu.

"Mutoto analea watoto! Leo jiko, kesho watanichoma na mie ndani! Nakwenda tribinali, na baba yako mudogo nimemutumia habari."

Tribinali lilikuwa baraza la wazee wa kuamua kesi. Aliyosema ndiyo watu wote waliyoamini, kwamba nilicheza na taa.

Kabla jua halijawa kali, mwenye duka alifika mwenyewe. Alikuwa na chupa mpya, imejaa hadi shingoni.

"Pole, mwanangu. Nimesikia. Ile chupa yako bado iko na mafuta kidogo? Nipe nikubadilishie na hii. Bure kabisa."

Wanawake waliokuja kutupa pole walisema, pokea, bwana ana huruma. Nikatazama chupa yangu, iliyonusurika kwa sababu niliiacha nje kando ya ukuta. Nilijiuliza kwa nini mtu atoe chupa nzima apate mabaki.

"Aksanti, baba," nikasema. "Nitaipeleka tribinali."

Alicheka. "Tribinali? Weye? Umesoma mpaka wapi?"

"La tatu. Sikumaliza."

"Basi keti chini." Kisha akaacha kucheka, akainama kama anayenong'oneza mtoto. "Uangalie sana. Kioo kinavunjika."

Alipoondoka niliona mfanyakazi wake amebaki kwenye kona, ameegemea mti, anatazama ua wetu. Mchana alikuwa bado pale. Hatukuwa na mlango wa kufunga, ulikuwa umeungua. Nikiificha chupa ndani ya majivu, wataipata. Na nikiifikisha salama, watasema nimeitia kitu mwenyewe njiani. Nilizunguka na neno hilo kichwani mpaka alasiri, kisha nikaichukua chupa, nikaenda kwa yule yule mama aliyenishitaki.

"Mama, naweka amana kwako."

Alinitazama kama niliyerukwa na akili. "Mie? Nikuwekee weye?"

"Wewe unataka nishindwe. Hakuna atakayesema umenisaidia."

Alifuta mikono kwenye kanga yake. Kisha akaipokea chupa kwa mikono miwili, kwa sababu amana ni amana hata ikitoka kwa mtu unayemchukia, akaiingiza chumbani kwake. "Lakini jiko langu utalijenga," alisema akiwa ndani.

Siku ya kesi, baba mdogo alikuwa amefika kutoka Lusangi. Alikuwa amekwisha kuwaambia wasichana wafunge nguo zao. Walikuja tribinali na vifurushi vyao kichwani.

Wazee watatu waliowekwa na serikali walikaa kwenye benchi, polisi mlangoni. Nilisema niliyoyajua. Mwenye duka alisimama, akauliza swali lake lile lile.

"Chupa iko ya nani?"

"Ya kwetu," nikasema.

"Munasikia? Na tangu moto ilikuwa wapi? Huyu ametia esansi, mafuta ya kuendesha kamyo, apate kukimbia kosa lake."

Nikamgeukia jirani. Alisimama na kanga yake, bado ana hasira, lakini hasira ilikuwa imepata njia nyingine.

"Chupa ililala kwangu! Hata kigunzi sikukigusa. Unasema mie ndiye nilitia esansi? Nijichomee jiko langu?" Watu wakacheka. "Na mie nilinunua kwako siku ile ile, kwa chupa yangu. Sijawasha. Ningewasha nini, taa yangu iliungua na jiko?"

Mzee wa kati aliagiza zote mbili ziletwe. Polisi alimimina kidogo kutoka kila chupa kwenye vigae viwili, uani, akasogeza unyasi wenye moto. Mafuta ya taa hayashiki hivyo bila utambi. Unyasi haujafika bado, moto uliruka wenyewe kuupokea. Kigae cha kwanza, kisha cha pili: zote mbili zilikuwa na esansi. Mzee alirudi nyuma ameshika ndevu. Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu alikuwa akifikiria chupa iliyokuwa nyumbani kwake.

Wakaamua mwenye duka ajenge jiko la jirani na paa letu, na amtibu mtoto. Wakasema kosa halikuwa langu. Baba mdogo aliwatazama wasichana, akasema, "Haya, teremsheni mizigo." Jioni ile alirudi Lusangi peke yake.

Mzee mmoja aliuliza pipa liko wapi.

"Halipo," mwenye duka akajibu. "Nimeliuza juzi. Limepanda kamyo kwenda Kabambare."

"Na watu wa Kabambare?" nikauliza.

"Kesi yako imekwisha, mwanangu," alisema mzee. "Nenda nyumbani na wadogo zako."

Nilikwenda nyumbani na wadogo zangu, wote watatu. Mtaani watu walimwaga mafuta yao shimoni. Asubuhi nilisimama njiani mpaka nikapata dereva wa kamyo anayekwenda Kabambare, nikamwambia kila kitu: duka, pipa, harufu, wasiwashe. Aliahidi.

Aliporudi nilikuwa sokoni na sinia langu. Nilimkimbilia, nikamuuliza kama alifikisha habari.

"Nilifikisha," alisema.

"Walikuwa hawajawasha?"

Alichukua kitumbua kimoja kwenye sinia, akakishika bila kukila. Kisha akakirudisha mahali pake, akapanda kwenye kamyo, akafunga mlango.